Haki katika programu za kompyuta: anza na kisa, si nadharia

Ndugu, umeuliza kama tasnifu yako kuhusu haki katika programu zinazopima watu ianze na hesabu za usawa au na falsafa. Anza na COMPAS, programu inayokadiria mshtakiwa yupi Marekani atarudia kosa. Mwaka 2016 waandishi wa habari za uchunguzi wa ProPublica walichambua rekodi za kaunti ya Broward, Florida: kati ya weusi ambao hawakurudia kosa, asilimia 44.9 walikuwa wamewekewa alama ya hatari; kwa weupe, 23.5. Kampuni iliyoitengeneza ikajibu kwamba alama moja ina maana ileile kwa wote: mweusi na mweupe wenye alama sawa wana uwezekano uleule wa kurudia kosa. Viwango vya kurudia kosa vikitofautiana kati ya makundi, na programu ikiwa inakosea, huwezi kutimiza usawa wa aina zote mbili, yaani makosa sawa kwa kila kundi na alama yenye maana moja, kwa hiyo lazima uchague. Hapo mwite mwanafalsafa John Rawls: ungetaka kanuni ipi kama hujui utazaliwa nani? Mimi naogopa zaidi kuwekwa ndani bure, kwa hiyo ningechagua makosa sawa. Ila usiishie kwake. Chunguza pia rekodi za kukamatwa zilitoka mitaa gani, maana polisi wakizidi mtaa mmoja, watu wake huonekana wahalifu zaidi.