Dhoruba ziwani kwa watoto wa miaka 3 hadi 5: shuka, ndala na beseni

Mwalimu, Bwana asifiwe. Umeuliza utawafundishaje watoto 15 wa darasa la wadogo hapo Igombe, kando ya Ziwa Victoria, habari ya Yesu kutuliza dhoruba (Marko 4:35-41), bila pesa ya vifaa, na watoto wenyewe hawatulii. Umechagua vizuri. Mtoto wa kandokando ya ziwa anajua mtumbwi, anajua wimbi, na wengine baba zao wako majini na karabai usiku kucha. Hahitaji kuelezwa dhoruba ni nini. Anahitaji kuichezea mpaka afike pale inaponyamaza.

Anza na mchezo, hadithi ifuate, kazi ya mikono iwe mwisho. Wa miaka mitatu akiketishwa kwanza asikilize, dakika ya nne yuko mlangoni. Akishatoa jasho kidogo, anakaa mwenyewe.

Mchezo unataka mashuka mawili ya kitanda, watoto saba au wanane kila moja, wamesimama na kushika kingo kwa mikono miwili. Weka katikati ndala moja, huo ndio mtumbwi. Sema "ziwa limelala", shuka litulie. "Upepo mdogo", watikise kidogo. "Mawimbi", watikise zaidi. Mikono isipande juu ya tumbo, na hili lirudie kila mara, kwa sababu shuka likifika usawa wa kichwa watoto wanaanza kushindana kurusha ndala, wadogo wanavutwa wanaanguka, na hapo huna somo tena. Dhoruba ikipamba moto, wewe peke yako inua mkono useme kwa sauti ya kawaida, bila kufoka: "Nyamaza, utulie." Shuka lishuke mpaka sakafuni. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kusema neno lingine. Walimu wengi hukimbilia kuongea hapo, na wanakipoteza kile walichokitafuta, maana kimya kile ndicho somo. Rudia mara tatu, si zaidi.

Usimchague mtoto mmoja awe Yesu. Waliobaki watagombania, na mwenye haya atalia. Raundi ya mwisho waseme wote pamoja. Na usizime taa wala kugonga bati kuiga radi. Wa miaka mitatu hawezi kutofautisha, ataogopa kweli. Sauti ya mvua inatosha: vidole kwenye kiganja, kisha viganja kwenye mapaja, kisha miguu sakafuni.

Hadithi yenyewe isizidi dakika tano. Jioni, Yesu na wanafunzi wanavuka Ziwa la Galilaya; upepo; maji yanaingia chomboni; Yesu amelala nyuma, kichwa juu ya mto (njoo na mto wa kitandani, waone); wanamwamsha; anaamuru; kunakuwa shwari. Habari ya mashua nyingine zilizokuwapo iache.

Sasa mtumbwi. Boksi huloa na kuzama, na gundi ya unga huachia ikikutana na maji, kwa hiyo tumia soli za ndala kuukuu. Soli moja ya mtu mzima ukiikata katikati kwa upana inatoa mitumbwi miwili, hivyo jozi nne zinakutosha na mtumbwi mmoja unabaki. Zisugue kwa sabuni na zikauke siku moja kabla. Kukata ni kazi yako nyumbani, kwa kisu kikali. Toboa shimo jipya katikati kwa msumari, lifike nusu ya unene tu, ili soli ishike mlingoti. Mashimo ya mikanda ni mapana mno. Mlingoti ni njiti mbili za fagio la chelewa zilizofungwa pamoja, zisimame sentimita 8 juu ya soli. Ukiziacha ndefu, upepo unausukuma mtumbwi kutoka juu na unalala ubavu. Ncha zikate butu.

Tanga kata kwenye boksi la dawa ya meno, sentimita 7 kwa 6, na matundu mawili ya kupitishia njiti. Kitenge kinapendeza lakini kinanyonya maji na kuuangusha mtumbwi. Waambie wapake krayoni pande zote mbili bila kuacha nafasi. Nta ya krayoni inazuia maji, na kazi hiyo inawashika dakika kumi nzima.

Mabeseni mawili, watoto wanne kila moja, wengine wakiendelea kupaka rangi. Maji yawe vidole vitatu tu, na kwa kila beseni mtu mzima mmoja aketi asiondoke hata kidogo, kwani mtoto huzama hata kwenye maji machache. Mkimaliza yamwageni papo hapo. Tumia ya bomba. Kama mna ya ziwa tu, yachoteni na kuyaacha siku mbili kwenye ndoo yenye mfuniko, sababu ya kichocho. Upepo watoe kwa kupepea kipande cha boksi. Wakipuliza kwa midomo watatemeana mate.

Kuna jambo moja usilitamke: "ukiomba, huwezi kuzama." Huku kwetu kuna nyumba zilizopoteza watu meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018, na wengine kwenye mitumbwi isiyotajwa popote. Waliomba pia. Sema kilichoandikwa: waliogopa, walimwita, naye alikuwa nao chomboni. Mtoto akiuliza mbona babu alizama, usimpe sababu. Mwambie tunahuzunika, na Yesu yuko nasi tukihuzunika. Wala usiogope kusema hapohapo kwamba jaketi okozi huvaliwa.

Mlangoni mwambie anayemchukua mtoto, mtoto akisikia: mtumbwi huu ni wa beseni, haupelekwi ziwani, kwa sababu ukielea mbali ataufuata. Wengi huchukuliwa na dada wa miaka minane tu. Hao wasipewe, andika jina chini ya soli, ubaki nayo, mtaitumia Jumapili ya Luka 5 na nyavu za Petro.