Nikilala Nakata Pumzi: Ni Mlima au Ni Koo?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 43, ni muongoza watalii, nyumbani ni Marangu. Miaka yote nikilala kambi za Horombo au Kibo, mlimani Kilimanjaro, huwa nashtuka usiku kama mtu aliyezamishwa majini, na sisi wa mlimani tunajua ni hewa ndogo. Sasa tangu mwaka jana hali hiyo imenifuata mpaka nyumbani. Mama watoto anasema nakoroma, nanyamaza kimya, kisha nakurupuka. Nalala masaa manane lakini naamka kichwa kinauma, na usiku natoka mara tatu kukojoa. Presha haishuki chini ya 150/95 ingawa nameza dawa. Nimekuwa mkali hadi watoto wananikwepa. Je, mlima umeniharibu? Rafiki kanishauri vidonge vya usingizi, nimeze? Na mama watoto ahamie chumba cha watoto?

JIBU: Vidonge usimeze. Naanza na hilo kwa sababu mengine yanaweza kusubiri wiki mbili, hilo haliwezi.

Mlima haujakuharibu. Una mambo mawili yanayofanana kwa nje tu.

La mlimani kwanza. Kibo, karibu mita 4,700, kila pumzi inakupa oksijeni nusu na kidogo tu ya ile anayoipata mtu wa Tanga. Mwili unajibu kwa kuhema haraka. Kuhema huko kunaifukuza kabonidayoksaidi kwenye damu, nayo ndiyo inayoukumbusha ubongo kuagiza pumzi. Ikipungua mno, ubongo unanyamaza, kifua kinatulia tuli. Baada ya sekunde kumi au zaidi kabonidayoksaidi imejikusanya tena, unavuta pumzi kubwa, unashtuka. Koo lako muda wote huo lilikuwa wazi; kilichokosekana ni agizo. Hata kijana mwenye mapafu ya chuma hupatwa, na akishuka huisha. Ndiyo maana wageni wako wanaomeza asetazolamaidi hulala kwa utulivu zaidi: dawa hiyo huongeza tindikali kidogo kwenye damu, ubongo ukaendelea kuagiza.

Marangu hakuna mwinuko wa kumkata mtu pumzi. Hapo agizo linatolewa, kifua na tumbo vinahangaika, lakini mlango umefungwa. Misuli ya koo hulegea kwa kila anayelala. Kwa mwenye shingo nene, kitambi au taya dogo, ulimi na nyama laini za koo huangukia nyuma na kuziba njia. Kukoroma ni sauti ya bomba lililobana. Ule ukimya ni bomba lililoziba kabisa. Watu huwacheka wakoromaji. Mimi kinachonitisha ni kimya.

Tunahesabu kila pumzi inayokatika sekunde 10 au zaidi. Zikifika 5 kwa saa na mtu ana dalili kama zako, ni ugonjwa. Zikizidi 30 kwa saa, ni mkali. Piga hesabu: mara 30 kwa saa, masaa manane, ni mara 240 kwa usiku mmoja ubongo wako unapigwa teke uamke, wewe asubuhi hukumbuki hata moja. Kwa hiyo yale masaa manane ni ya kitandani, si ya usingizi. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, kutoka mwepesi hadi mzito hadi ule wa ndoto, na kila teke linakurudisha mwanzoni.

Hapo ndipo presha yako ilipo. Kwa kawaida presha hushuka asilimia 10 hadi 20 mtu akilala. Yako kila pumzi ikikatika inapandishwa na adrenalini, na mishipa inazoea kubana hata mchana. Dawa unazomeza zinashindana na usiku. Usiziache, lakini usishangae.

Na mkojo: unapovuta hewa kupitia koo lililofungwa, kifua kinaunyonya moyo, nao moyo unatanuka, unadhani mwili umejaa maji, unatoa homoni ya kuyaagiza mafigo yayamwage. Wanaume wengi hapa hukimbilia kupima tezi dume. Pima, pamoja na sukari, ila usiishie hapo.

Ukali wako nao usiusingizie kazi peke yake. Usingizi uliokatwakatwa humfanya mtu awake kwa jambo dogo, na sonona huonekana zaidi kwa wenye tatizo hili. Ukiona umeanza kukata tamaa ya maisha, mwambie daktari siku hiyohiyo.

Sasa vidonge. Vingi vya aina hiyo hulegeza koo zaidi na kuufanya ubongo uchelewe kukuamsha. Lile teke linalokuchosha ndilo pia linalokuokoa. Pombe ya usiku hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo Desemba hii, ndugu wote wakishapanda nyumbani, mbege yako iishie mchana. Najua ninachokuomba.

Nenda hospitali ya KCMC, Moshi, idara ya masikio, pua na koo, ukiwa na kumbukumbu za presha. Kile kibano cha kidole unachowapimia wageni oksijeni hakitakusaidia ukiwa macho. Kitasoma 96 na kukudanganya. Uliza kipimo kinachorekodi usiku kucha. Ugonjwa ukithibitika, tiba kubwa ni mashine inayopuliza hewa kupitia barakoa na kulishikilia koo wazi, kazi aliyoitangaza Colin Sullivan wa Australia mwaka 1981. Kabla ya hapo punguza uzito na lala ubavu. Shona mpira mdogo mgongoni mwa fulana, utajigeuza mwenyewe. Na kama unasinzia ukiwa abiria kutoka Himo hadi Moshi, usishike usukani kwenda Arusha.

Mama watoto asihame, si sasa. Namhitaji humo ndani usiku mmoja au miwili na simu yake: arekodi sauti nusu saa ukiwa umelala chali, atazame kama tumbo linahangaika wakati wa kimya, na ahesabu sekunde. Kisha mje wote wawili, kwa sababu wewe ulikuwa umelala.