Miaka sita Nyalenda bila mahari

Dada, umeuliza kama miaka sita ya njoo-tukae, yaani kuishi na mwanamume bila ndoa, hapo Nyalenda, Kisumu, watoto wawili na duka mlilofungua pamoja vinakufanya mke wake kisheria. Usitegemee hilo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema dhana ya ndoa, yaani kuwahesabu wawili kuwa wameoana kwa sababu wameishi pamoja, itakubaliwa kwa nadra, na anayedai ndiye wa kuithibitisha. Wengi siku hizi wanaanza hivyo, maana kodi na ng'ombe havilipiki kwa kipato kimoja. Sikulaumu hata kidogo. Lakini Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua hata mahari kidogo tu kuwa ushahidi wa ndoa ya kimila. Mwambie apeleke ayie, ile sehemu ya kwanza ya mahari ya Kiluo, kwa mamako huko Siaya, mkamilishe mila, kisha mmwarifu msajili wa ndoa ndani ya miezi mitatu. Na leseni ya duka iwe na jina lako pia, tafadhali, usingoje harusi.