Je, Kulinda Msitu wa Kaya ni Shirki?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni Mdigo, fundi seremala hapa Likoni. Mjomba wangu ni mzee wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa mababu, huko Kwale. Umri umemwelemea, na amenitaka niwe nikienda kumsaidia kulinda msitu, mtu asikate mti wala asitoe hata ukuni mkavu. Mwenzangu wa msikitini aniambia hiyo ni shirki, na kwamba thawabu ni za atakayeikata miti hiyo. Nishike lipi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Mwanangu, hapa pana mambo mawili yaliyochanganywa. La kwanza ni ibada. Kuchinja kwa ajili ya koma, yaani mizimu ya mababu, kuziwekea nadhiri au kuziomba mvua na afya hakumfai Muislamu. Hili halina mjadala. Siku ya tambiko usiende, na mwambie mjombako kwa adabu, mkiwa wawili, si mbele ya wazee wenzake.

La pili ni kuzuia miti isikatwe, na hili lina asili katika dini yetu. Jabir amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa haram, yaani eneo takatifu lililohifadhiwa, kama Ibrahim alivyoifanya Makka: miti yake isikatwe, wanyama wake wasiwindwe. Tena kuna hima, yaani eneo linalotengwa kwa manufaa ya umma. Katika Sahih Bukhari, Sayyidna Umar alipomweka Hunayy kulinda hima, alimuusia aogope dua ya aliyedhulumiwa, amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya matajiri kama Ibn Awf na Ibn Affan. Wasia huo uuchukue uende nao Kwale. Ukimkuta mama wa kijijini na mzigo wa kuni, usimvunjie heshima; mpeleke kwa wazee watafute njia. Ukali wako uwe kwa mwenye msumeno wa mashine na lori.

Hoja ya mwenzako naijua, na si hoja ya kupuuzwa. Khalid bin Walid alitumwa Nakhla akaikata miti ya al-Uzza, mungu wa washirikina. Lakini ile miti yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiabudiwa, na aliyetoa amri ni Mtume, kiongozi wa umma, si kijana aliyejitwalia shoka. Tazama na kisa cha mti ulioitwa Dhat Anwat. Walipokuwa wakienda Hunayn, baadhi ya Waislamu wapya walitaka wawekewe mti wa kutundikia silaha kama ule wa washirikina. Mtume aliwakemea vikali, akawafananisha na watu wa Musa waliotaka waundiwe mungu. Ila hadithi haisemi kwamba aliamuru ule mti ukatwe. Alichokisahihisha ni itikadi zao.

Na kaya ni nini hasa? Zilikuwa makazi yenye ngome, mababu zetu waliyajenga ndani ya misitu tangu karne ya 16 ili wawe salama. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wameshahama, yakabaki makaburi na miti. Kaburi lina heshima yake. Mbambakofi na mvule uliosimama miaka yote hiyo una ndege, una mbega, una kivuli kinachoitunza ardhi inyonye mvua. Sisi wa Likoni tunakunywa maji ya visima vya Tiwi; hayo ni maji ya ardhini, na chanzo chake ni mvua hiyo hiyo. Allah amesema katika Surat al-A'raf, aya ya 56, msifanye ufisadi katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake. Naye Abu Dawud amepokea onyo la moto kwa anayekata mkunazi, akalieleza kuwa ni ule wa nyikani unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, ukakatwa bure na kwa dhulma. Ikiwa hayo ni kwa mti mmoja, itakuwaje msitu mzima?

Kuhusu kaniki wanayojifunga wanaoingia: ikiwa ni alama ya heshima tu, ni nguo kama nguo nyingine. Ikiwa unaambiwa bila hiyo koma zitakudhuru, usiifunge, na uwaeleze sababu.

Kwa hivyo nenda kamsaidie mjombako, na nia yako iwe kwa Allah. Swala ikikukuta huko, swali. Na mwenzako mfikishie salamu zangu, mwambie kaya nyingi ziko chini ya ulinzi wa sheria, na tangu 2008 baadhi yake zimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Anayeingia kukata anachukua kisicho chake.

Nawe ni seremala, basi limebaki moja. Ukiletewa mbao za mbambakofi kwa bei ya kutupa, uliza gogo lilitoka wapi kabla hujatoa pesa. Asipokujibu, usinunue.

Wallahu a'lam.