Mvujo baada ya stenti ya aota: jua damu inatoka wapi kabla hujashika katheta

Stenti yenye kitambaa huwekwa ndani ya uvimbe wa aota ya tumbo (ateri kuu inayotoka moyoni) ili damu isiufikie tena ule mfuko. Ikiendelea kuingia, huo ni mvujo. Wengi wanaoanza kazi hii wakiona weupe kwenye CT huuliza koili (nyuzi za metali za kuziba mshipa) za ukubwa gani. Kwanza uliza damu inaingilia wapi.

Omba CT ya awamu tatu: kabla ya dawa ya rangi, dawa ikiwa kwenye ateri, kisha ya kuchelewa. Ukiiruka ya kwanza, chokaa ya ukuta wa mshipa utaiita mvujo. Ukiiruka ya mwisho, mvujo wa polepole utakupita.

Damu ikipenya kwenye shingo ya juu (sehemu ya aota juu ya uvimbe, stenti inaposhikilia) au kwenye ncha za chini za stenti, hiyo ni aina ya kwanza. Ikipita kwenye maungio ya vipande au kitambaa kilichochanika, ni ya tatu. Hizi mbili usizisubirishe, maana mfuko unapigwa na shinikizo lote la ateri na unaweza kupasuka. Ya kwanza hutokea zaidi shingo ikiwa fupi, imepinda sana au ina damu iliyoganda ukutani. Bana kwa puto. Ikishindikana ongeza kipande cha juu au cha chini, ila pima kwanza umbali hadi ateri za figo. Kwa aina ya tatu, pitisha kipande kipya ndani kivuke pande zote mbili za ungio.

Aina ya pili ndiyo ya kawaida kuliko zote: damu inarudi kinyumenyume kupitia ateri za kiuno au ateri ya mesenteri ya chini. Mingi hujifunga yenyewe. Hapa kinachoamua ni mfuko. Mwongozo wa Ulaya wa 2019 ulitaka mfuko ukue milimita 10 au zaidi kabla ya kuingilia. Wengine huanza kwa 5. Mimi naona 5 iko karibu mno na makosa ya upimaji, hasa picha mbili zikipimwa na watu wawili kwa njia tofauti. Pima kwa mstari unaokata mhimili wa aota kwa pembe mraba, na ulinganishe na picha ya kwanza baada ya upasuaji, si ya mwisho tu.

Ukiamua kuziba, jaza kiota chenyewe (nafasi ndani ya mfuko ambamo damu inayovuja inazunguka) pamoja na mizizi ya ateri. Ukiziba ateri moja tu, nyingine itachukua kazi yake. Kwenye mesenteri ya chini koili ziishie kwenye shina, kabla ya tawi la kwanza; zikienda mbali, utumbo mpana unaweza kukosa damu.

Mfuko ukizidi kukua baada ya kuziba vizuri, rudia angiogramu (picha ya mishipa kwa dawa ya rangi inayopitishwa kwenye katheta), safari hii katheta ikiwa shingoni na kwenye kila ungio. Mara nyingine kilichoitwa aina ya pili kilikuwa ya kwanza au ya tatu tangu mwanzo.