Wakili wa wosia umpateje?

Wakili anayefaa kukuandikia wosia ni yule anayekuuliza habari za ndugu zako kabla hajakuuliza una nyumba ngapi. Najua wengi hutazama kwanza ofisi iko wapi na bei ni kiasi gani. Mimi naanzia kwenye maswali anayouliza, na sababu ni wosia wa baba yangu.

Baba alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mstaafu, mwenye utaratibu. Alikwenda mwenyewe kwa wakili mjini Moshi, akalipa, akaandikiwa wosia safi wenye mhuri. Nyumba ya mjini alimwachia mama. Kihamba, yaani shamba la ukoo, alikigawa kwa watoto wote, sisi mabinti tukiwemo. Mashahidi walikuwa wawili, wote watumishi wa ofisi ile ile ya wakili. Baba alipofariki, baba mdogo akaweka pingamizi Mahakama ya Mwanzo. Hoja yake ilikuwa fupi: marehemu aliishi kimila, na wosia haukushuhudiwa na mtu hata mmoja wa ukoo, wala na mke wake aliyekuwa akiishi naye. Mahakama ikakubaliana naye. Wosia ukabatilishwa.

Sheria yenyewe ipo wazi kabisa. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililoandika sheria za kimila, linataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, yaani asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. Na mke aliyepo nyumbani lazima naye ashuhudie. Wosia ukianguka, mali inagawanywa kana kwamba marehemu hakusema lolote, na kwa mila hiyo mjane mwenye watoto hana fungu lake. Anatunzwa na watoto. Mtoto wa kike anapata pungufu ya wa kiume. Mama aliyasikiliza hayo akiwa kwenye benchi la mahakama, mkoba magotini, nyumba aliyoijenga na baba tangu ujana wao ikijadiliwa mbele yake kama mali ya watu wengine.

Wakili yule alikuwa na leseni halali. Hakuwa kishoka, yaani wakili bandia. Kosa lake ni kwamba hakuuliza baba anaishi vipi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu Tanzania Bara hatuna sheria moja ya urithi. Kuna ya kimila. Kuna ya Kiislamu, ambayo hairuhusu kuusia zaidi ya theluthi ya mali, wala kumuusia mtu ambaye tayari ni mrithi. Na kuna Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyoachiwa na mkoloni, ambayo mara nyingi ndiyo inayotumika kwa Wakristo walioacha kuishi kimila. Hiyo inataka mashahidi wawili, na shahidi akiachiwa kitu katika wosia huo anakikosa. Mgogoro ukizuka, mahakama inatazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Wakili asiyejua upo upande gani anakuandikia karatasi tu.

Kwa hiyo ilipofika zamu ya wosia wa mama, tulianza na jambo jepesi: kuhakikisha tunaongea na wakili kweli. Mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria. Wakili ni yule aliyekubaliwa na Jaji Mkuu na anayehuisha leseni yake kila mwaka. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili kwenye intaneti. Unaandika jina, unaona kama yumo na kama leseni yake iko hai. Fanya hivyo hata kama umeelekezwa na mchungaji au shemeji yako. Kwenye korido za mahakama na ofisi za ardhi vishoka wamejaa, na wanaongea vizuri kuliko mawakili.

Tuliongea na mawakili kadhaa. Mmoja alitoa fomu ya kujaza kabla hatujakaa sawasawa. Mwingine alitaka asilimia ya thamani ya mali. Tukaaga kwa heshima. Kuandika wosia ni kazi yenye mwanzo na mwisho, kwa hiyo mwombe akutajie bei moja, makubaliano yaandikwe, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, itoke.

Tuliyemchagua alikuwa mama mtu mzima ambaye, baada ya salamu, alinigeukia akasema, "Dada, naomba utuachie nafasi kidogo na mama." Nikatoka. Ada nilikuwa nalipa mimi, lakini mteja alikuwa mama, na wakili yule alilijua hilo bila kuambiwa. Ukimpeleka mzazi wako kwa wakili, tegemea kutolewa nje. Asipokutoa, toka mwenyewe. Ndugu wakija kudai kwamba mzee alishinikizwa, kukaa kwako kwenye kile kiti kutakuwa ushahidi wao.

Mama alinisimulia baadaye alichoulizwa: ndoa ilifungwa wapi, baba aliacha watoto wengine nje, kiwanja kina hati kwa jina la nani, nani kwenye ukoo anaweza kusaini bila kuwa mnufaika, na nani anataka awe msimamizi wa mirathi. Hili la mwisho lisichukuliwe juujuu. Wakili akijiandika yeye kuwa msimamizi bila wewe kuomba, muulize kwa nini. Msimamizi ana kazi nzito: Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, inamtaka apeleke mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi sita tangu mahakama imteue, na hesabu ya mgawanyo ndani ya mwaka mmoja.

Muulize pia wosia utakaa wapi. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaandika na kuhifadhi wosia, na kwa watu wengi hapo panatosha. Muhimu watu wawili unaowaamini wajue ulipo, hata kama hawajui kilichoandikwa.

Kama fedha ya wakili haipo, usikae kimya. Mashirika kama TAWLA, WLAC na LHRC yanatoa msaada wa kisheria bure, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi. Anza na aliye karibu nawe.

Siku ya kwanza beba kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, nakala za hati au barua za mauziano ya viwanja, na majina kamili ya watoto wote. Wote, hata yule ambaye familia haimtaji.