Hewa ukaa inahifadhiwa, inazikwa au inafungiwa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Mikindani, nimekuta mahali wameandika "kuhifadhi gesi kwenye ziwa la chumvi chini ya ardhi", jirani yangu anasema ni hewa ukaa, na inaitwa hivo kwa sababu inakaa. Kiswahili hicho kiko sawa?

Jibu: Marahaba. Jirani kapotea kidogo, ukaa haijatoka kwenye kukaa, imetoka kwenye kaa la moto, makaa haya haya tunayopikia, na hata neno kaboni, la kwenye jina lake la kitaalamu kaboni dioksidi, ukilifuata mpaka kwenye Kilatini unakuta makaa. Hewa ukaa, hewa ya ukaa, yote sawa.

Kinachoniuma mimi ni hilo "ziwa". Hamna ziwa kule! Chukua ndoo, jaza mchanga mkavu wa ufukweni mpaka juu, alafu mwagia maji, utaona yanaingia tu na ndoo ulishaijaza, manake yanapita katikati ya chembe. Ndo mwamba wenyewe ulivyo, kuanzia kama mita 800 kwenda chini, mwamba wa mchanga una vitundu vimejaa maji yenye chumvi, kwa kawaida kuzidi ya bahari, hayanyweki wala humwagilii bustani. Hewa ukaa inasukumwa humo, na kwa mgandamizo na joto la kule inakuwa nzito karibu kama kimiminika, inachukua nafasi ndogo sana, ila bado nyepesi kuliko yale maji kwa hiyo inapanda mpaka inakutana na tabaka la mfinyanzi mgumu lisilopitisha, hapo inakwama, nyingine inayeyuka kwenye maji taratibu. Sasa ukiandika ziwa msomaji anaona pango lina maji na mapovu. Sema mwamba wenye maji ya chumvi. Akwifa, neno la kitaalamu la mwamba wenye maji kama huo, sio kosa, ila mzee wa Nachingwea hajawahi kulisikia, na habari hii inamhusu na yeye.

Kitenzi nacho. Korosho unazihifadhi ghalani kwa sababu utazirudia siku ya mnada, hewa ukaa harudi mtu kuichukua. Norwei wanaisukuma chini ya Bahari ya Kaskazini tangu 1996, pale kwenye eneo lao la gesi linaloitwa Sleipner, zaidi ya tani milioni 15 zimeshaingia na nia ni zisitoke kabisa. Kuzika nakuachia msiba. Kufukia ni takataka, unachimba shimo unarudishia udongo, huku hakuna shimo la hivo, kuna bomba tu. Mimi nasema kufungia, kwa sababu ule mfinyanzi wa juu ndo mlango wenyewe. Kuhifadhi utaikuta sana kwenye ripoti, inaeleweka, siikatazi.

Na "gesi" peke yake usiiandike kabisa ukiwa huku kwetu. Mtwara ukisema gesi mtu anajua ya Msimbati, Lindi ni ya Songo Songo, na hiyo ni mali inatolewa chini, wakati hii inarudishwa chini, utawachanganya watu bure kwenye jambo lenye uzito kwao. Andika hivi: hewa ukaa inafungiwa ndani ya mwamba wenye maji ya chumvi, chini kabisa ardhini.